Mama Uzi, Aliyenyoosha Dari za Watu

Marehemu, ambaye nusu ya mji huu walimwita Mama Uzi na nusu nyingine hawakujua kama ana jina jingine, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi wa viti. Alikuwa mtoto wa kwanza, na kwa miaka saba alikuwa mtoto wa pekee, mpaka alipozaliwa mdogo wake huyu anayewasomea sasa. Mama yetu, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, alipenda kusimulia kwamba mtoto yule hakuwa mlizi. Ukimlaza chali alinyamaza, akakodoa macho juu, akatulia hivyo mpaka usingizi umchukue. Majirani walidhani haoni vizuri. Kumbe alikuwa ameshaanza kazi.

Siku moja, meno ya mbele yakiwa yamemtoka, alimwendea baba karakanani na kumweleza kwamba ubao wa dari juu ya kitanda chake umekaa upande. Baba alikuwa na mguu wa kiti mkononi na mteja mlangoni. Akamjibu kwa upole kwamba dari ni ya kuzuia vumbi, si ya kutazamwa.

"Mimi ndiye ninayelala chini yake," akasema.

Baba alicheka siku nzima, na jioni akapanda kurekebisha ubao ule. Huyo ndiye dada yetu. Hakuwa mtu wa kelele, lakini alilolishika alilishika.

Shule ya msingi aliisoma ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yetu, na kwa sababu hiyo alichelewa karibu kila siku, maana anayeisikia kengele kutoka kitandani ndiye huchelewa. Hesabu alizipenda na zenyewe zilimpenda. Kuimba alikupenda pia, ila mapenzi hayo yalikuwa ya upande mmoja. Sauti yake, Mungu amrehemu, ilikuwa ya kukwangua sufuria, na mwalimu wa kwaya alimweka mstari wa nyuma akamwomba afungue mdomo tu. Alimaliza sekondari mwaka 1974, akapelekwa chuo cha ufundi kusomea ushonaji, kama walivyopelekwa wasichana wengi wakati ule.

Darasa la ushonaji lilikuwa upande mmoja wa uwanja na darasa la ujenzi upande wa pili. Baada ya muda mfupi mwalimu wa ushonaji, mama mmoja mkali ambaye hata pini zilimwogopa, akaona kiti cha dada kimezoea kuwa kitupu. Alivuka uwanja akamkuta juu ya jukwaa la mafundi na wavulana wa ujenzi, nywele zimejaa plasta, anashikilia bodi kwa kichwa. Wazazi wakaitwa. Tulitegemea adhabu. Mwalimu yule akawaambia kwamba binti yao hana ugomvi na sindano, ila moyo wake hauko pale, na kwamba maji ukiyaziba huku yatatokea kule. Mama akamtazama baba akamkumbusha ni nani aliyempa mtoto nyundo achezee. Shauri likaishia hapo. Mwaka 1977 alihitimu ujenzi, akiwa msichana pekee katika picha ya darasa, na katika picha ile ndiye pekee ambaye hatazami kamera. Anatazama juu.

Kazi alianza kwa fundi mmoja mzee wa dari na plasta ambaye watu walimwita Timazi, kwa sababu alitembea wima na kusema wima. Mzee Timazi hakumtazama kama mwanamke wala kama mwanamume. Alimtazama kama mikono miwili zaidi. Alimwita msaidizi, kama alivyowaita wote, wakiwemo wanaume wenye mvi. Neno fundi Mzee Timazi alilibana sana. Alilitoa mara chache, na aliyepewa hakunyang'anywa.

Kwa faida ya vijana wanaodhani dari huota yenyewe, inabidi tueleze kidogo alichokuwa akikifanya marehemu, maana bila hilo hamtaelewa yatakayofuata. Nyumba ya zamani haina boriti mbili zilizo sawa. Moja imepinda kwa uzito wa paa, nyingine ilikatwa na seremala mwenye haraka ya kwenda kula, ya tatu imeshuka kwa sababu imeamua kushuka. Ukipigilia bodi za jipsamu moja kwa moja kwenye boriti hizo, dari yako itafuata ulevi wa kila moja, na plasta haifichi kitu. Watu hudhani plasta ni dawa. Dada alikuwa akisema plasta ni poda tu, uso wenyewe lazima uwe umeshanyooka.

Kwa hiyo kwanza alitembeza mpira wa maji kuzunguka kuta zote, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kwa sababu maji hayana upendeleo. Akaweka alama za usawa. Kisha akavuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, chini ya boriti, akapima nafasi iliyopo kati ya uzi na kila boriti. Pale penye nafasi ndogo kuliko kote ndipo palipo chini kabisa, na dari nzima itakaa kwa kufuata hapo. Boriti iliyo chini haikatwi wala haichongwi, maana ndiyo inayobeba nyumba. Zile zilizo juu ndizo zinazojaziwa vibao, hiki kinene, kile chembamba kama kadi, mpaka mbao zinazobeba bodi zikae usawa mmoja. "Aliye chini humwinui kwa nyundo," alisema. "Unawashusha wengine wamfuate."

Na hakuliacha neno hilo kazini. Baba alipozeeka, magoti yakagoma, dada ndiye aliyetuamrisha sote tutembee mwendo wake. Tukitoka pamoja, mwenye haraka alirudishwa nyuma kwa kuvutwa shati. Tulifika kila mahali tumechelewa, na tulifika wote.

Sasa, uzi una sheria yake. Haupaswi kugusa kitu chochote katikati. Unauwekea kibao hiki mwisho huu na kibao cha unene uleule mwisho ule, upite hewani peke yake. Ukigusa hata kichwa cha msumari unasukumwa, na uzi uliosukumwa unaongopa huku umekaza kama mkweli. Hili dada alijifunza kwa aibu, na alitusimulia mwenyewe mara nyingi, akicheka.

Ilikuwa mwaka 1978, katika bwalo la chakula la shule ya bweni. Mzee Timazi alimwachia upande mmoja wa dari aupange peke yake. Akapanga, bodi zikapanda, plasta ikapigwa, kila mtu akasifu. Mzee akafunga madirisha mchana kweupe, akampa taa, akamwambia aiegemeze ukutani karibu na dari. Hakuongeza neno. Taa ikiwa katikati ya chumba husamehe, lakini ikiwekwa ubavuni, mwanga ukatambaa juu ya dari, kila kosa hutoa kivuli. Dada akatembea na taa ile taratibu mpaka akaliona. Katikati ya upande wake dari ilikuwa imefanya tumbo. Wapishi hawakuona, mwalimu mkuu hakuona, na Mzee Timazi alikuwa akitazama viatu vyake. Angeweza kunyamaza. Akashuka ngazi akamwambia mzee kwamba amekosea na anaomba ruhusa ya kubomoa.

"Shusha," mzee akasema.

Akashusha. Akakuta boriti moja iliugusa uzi, maana alikuwa ameuvuta bila vibao vya mwisho. Akarudia yote. Taa ilipopita tena na dari ikakaa kimya, Mzee Timazi akakusanya miko yake ya kupigia plasta, na alipokuwa akitoka akasema bila kugeuka, "Kesho tuonane mapema, fundi." Dada alisema usiku ule hakulala. Si kwa furaha tu, bali pia kwa sababu shingo ilimuuma.

Tangu hapo alifanya kazi mpaka miaka yake sitini na saba. Alinyoosha dari ya kliniki ya akina mama, ambako maelfu ya watu wa mji huu wamelala chali katika saa ngumu wakiitazama, na baadhi yenu mliopo hapa kitu cha kwanza mlichokiona duniani ni kazi yake. Alinyoosha maktaba. Alinyoosha chumba cha mahakama, ambako inasemekana hakimu alikuwa akitazama juu kila wakili mmoja mrefu wa maneno alipoanza. Waliokuwa wakiona ni mwanamke na kumuuliza kama kuna fundi mwingine aliwajibu kwamba yupo, ila yuko mbali, anarekebisha dari iliyoharibiwa jana na mwanamume mwenzao. Wakamshikia ngazi.

Ndoa yake nayo ilikuja kwa uzi. Uzi wa kazi ulimwishia siku moja mwaka 1980, akaingia kwenye duka la fundi cherehani mmoja kijana, mwembamba, mwenye futi shingoni na macho ya aibu. Akanunua kibunda cha uzi wa pamba. Kesho yake akamrudishia kwa hasira: uzi unalegea, uzi wa aina gani huu, unashonea watu nguo zinazowafumukia barabarani? Kijana hakujitetea. Akachukua uzi mnene wa kushonea turubai, akausugua kwa mshumaa kwa urefu wake wote, polepole, mpaka ukawa mkavu na mkakamavu, akauvuta kati ya mikono akaupiga kwa kidole. Ukalia kama gitaa. Dada alisema hapo ndipo moyo nao ulipopigwa.

Akawa anarudi. Alirudi wiki ile, akarudi wiki iliyofuata. Mpaka wenye maduka ya jirani wakaanza kukohoa wakimwona anapita. Hatimaye yule kijana, ambaye mpaka leo hajulikani kwa maneno mengi, alimfungia kibunda kipya akamuuliza bila kumtazama:

"Uzi huu wote unaula?"

"Sikuja kwa uzi," dada akamjibu.

Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981. Ushonaji aliukimbia, mshonaji akamkamata. Gauni alishonewa na bwana harusi mwenyewe, na pindo lake, dada alilipima kwa uzi kabla hajalivaa. Waliishi pamoja miaka zaidi ya arobaini, na katika miaka yote hiyo hawakuitana kwa jina. Yeye alimwita mumewe fundi, na mumewe alimwita yeye fundi. Nyumba ile ilikuwa na mafundi wawili. Wengine wote tulikuwa wasaidizi, hata mimi niliyekuja kula tu.

Walijaliwa watoto wawili, binti na kijana. Kijana ni dereva wa lori, na anasema alichagua barabara kwa sababu haina dari. Binti alimfuata mama yake kazini tangu alipomaliza shule, akashika ngazi, akashika mwiko, akashika uzi. Miaka ikapita akawa anaongoza wafanyakazi wake mwenyewe, wateja wakamtafuta yeye kwa simu yake. Mama yake akaendelea kumtambulisha kila mahali kwa maneno yaleyale: huyu ni msaidizi wangu.

Hili lilimuuma binti. Hakumlalamikia mama yake, maana ni mtoto mwenye adabu, lakini alikuja jikoni kwangu, mimi mama yake mdogo, akakaa juu ya ndoo, akauliza: "Mama mdogo, hadi lini?" Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na machozi yalimlengalenga kama mtoto aliyenyimwa zamu. Nami nikalichukua hilo nikalipeleka kwa dada, kwa ukali wangu mnaoujua. Nikamwambia mtoto ana mikono kama yake, ana jicho kama lake, neno moja litampunguzia mama yake nini. Dada alikuwa akiloweka miko. Akanijibu kwamba jicho la kuona kosa la mwenzio kila mtu analo, hata wewe mdogo wangu unalo, tena kubwa. "Siku atakapoliona lake bila kuonyeshwa, akalisema mwenyewe, nitamwita. Siwezi kumpa neno hilo kabla, litakuwa si lake."

Nikaondoka nimenuna.

Na sasa tufike kwenye jambo ambalo kila aliyewahi kukaribishwa kwake alilijua na kwa heshima hakulitaja. Mama Uzi, aliyenyoosha dari za mji mzima, sebule yake ilikuwa na dari ya aibu. Walinunua nyumba ile mwaka 1990, imechoka, boriti zake kila moja na mawazo yake, mbao za dari zimebonyea kama godoro la zamani, na juu ya cherehani ya shemeji kulikuwa na doa la maji. Mganga hajigangi. Kila shemeji alipomkumbusha aliambiwa mwezi ujao. Wageni walipotania, kwa fundi dari mbona dari haipo, aliwajibu kwamba ipo, iko kwa watu. Miaka ikaenda. Daima kulikuwa na mtu ambaye dari yake imeanguka na hawezi kusubiri.

Ugonjwa ulimjia Aprili mwaka jana, akiwa kazini. Alishuka ngazi mwenyewe, akakaa chini, akasema mkono wa kulia umekataa kumsikiliza. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa hospitali wiki kadhaa, akarudi nyumbani upande mmoja ukiwa mzito na maneno yakitoka moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Chumba chao cha kulala kilikuwa na ngazi mlangoni, kwa hiyo kitanda kikawekwa sebuleni, chini ya ile dari. Mumewe alihamishia cherehani pembeni yake, akashona huku anamtazama.

Fikirieni. Mwanamke yule, jicho lile, amelala chali mchana kutwa chini ya mbao zilizopinda. Hakulalamika. Siku moja binti alipokuja kumgeuza, alinyoosha mkono wake mzima juu, akasema neno moja: "Hii." Kisha akakusanya nguvu akaongeza: "Wewe."

Binti akaelewa. Alisimamisha kazi zake nyingine, akaja na watu wake. Tulitaka kumhamishia mgonjwa kwangu, vumbi lisimdhuru, akatukazia macho mpaka tukarudisha begi. Akawa anakaa kwenye kiti cha magurudumu ukumbini, kitambaa puani, akiangalia kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Mbao za zamani zilishuka na vumbi la miaka. Binti alitembeza mpira wa maji. Alivuta uzi, uleule wa turubai uliosuguliwa na baba yake, akakuta boriti iliyo chini kabisa ni ile ya juu ya cherehani. Akazijazia nyingine zote kuifuata hiyo. Aligawa bodi vizuri, maungio hayakufuatana, alibandika utepe, akapiga plasta kwa mkono mwepesi. Shemeji alisimama mlangoni ameshika futi yake kwa mikono miwili, mtu ambaye amesubiri tangu 1990.

Plasta ilipokauka tulimrudisha mgonjwa kitandani. Chumba kilikuwa kimekuwa kipana. Shemeji akasifu, kwa kiasi chake, yaani alisema "Eh." Mimi nilisifu kwa kiasi changu. Kijana alikuwa amerudi safari, akampiga dada yake begani akamwambia sasa hata yeye angekubali kukaa ndani. Mgonjwa alitazama juu. Uso wake haukusema lolote.

Binti akafunga mapazia, ingawa ilikuwa saa tisa mchana. Akachukua taa akaiegemeza ukutani. Akaanza kutembea nayo polepole kuzunguka chumba, na sisi tukifuata mwanga kwa macho, na kwetu sisi dari ile ilikuwa maziwa kwenye sahani. Alipofika karibu na dirisha alipunguza mwendo. Akarudi hatua moja. Akaenda tena.

Hatukuona kitu. Naapa hatukuona kitu. Alimtazama mama yake, na mama yake alikuwa akitazama dari, macho yametulia, mdomo umefungwa. Kama alikuwa ameona au hakuona, hakuna aliyeweza kujua. Mgonjwa amechoka, watu wameshasifu, baba ameshafurahi. Ingetosha azime taa tu, afungue mapazia, tule.

"Mama," binti akasema, "pale dirishani nimeacha tumbo. Nitashusha bodi."

Shemeji alikuwa wa kwanza kusema, mtu asiyesema. Akamwomba mwanawe aache, mama yake hana nguvu za vumbi jingine, na dari inatosha, inatosha kabisa. Binti alisimama na taa mkononi, amebanwa kati ya baba anayemsihi na mama anayenyamaza. Kisha akaenda kuleta ngazi.

Aliposhusha bodi ile alikuta msumari wa zamani umetokeza kwenye boriti, kichwa chake kimepakwa rangi ya mbao, na alama nyembamba ya nta pale uzi ulipokuwa ukiugusa. Kosa lilelile la bwaloni, la mama yake. Hakulaumu mtu wala boriti. Akaung'oa msumari, akavuta uzi upya hewani, akapunguza vibao, akarudisha bodi, akapiga plasta. Ikakauka. Mapazia yakafungwa tena, taa ikaegemezwa tena. Mwanga ulitambaa kutoka pembe hadi pembe bila kujikwaa.

Kitandani ikasikika sauti, nzito, ya upande mmoja, lakini kila mtu aliisikia.

"Fundi."

Shemeji akaitika kwa mazoea ya miaka arobaini, akainuka kwenye cherehani. Dada akatikisa kichwa. Akainua mkono wake mzima akaunyoosha, si kwa mumewe, akaunyoosha kwenye ngazi, aliposimama binti yake.

Binti alikaa kwenye ngazi akalia, taa bado inawaka mkononi, mpaka ndugu yake akamnyang'anya isimwunguze. Mimi nililia pia, sina haja ya kuficha. Shemeji alikaa tena, akashona mshono ambao baadaye ilibidi aufumue.

Mama Uzi aliishi chini ya dari ile miezi iliyobaki, na tunasema kwa fahari kwamba aliishi vizuri. Wageni walikuja kumwona, yeye akawaonyesha juu kwa kidole. Kiharusi cha pili kilimjia tarehe 3 Februari mwaka huu. Aliaga dunia nyumbani asubuhi ya tarehe 6, mumewe akiwa amemshika mkono, amelala chali, macho juu. Binti hakuwepo. Alikuwa juu ya jukwaa, kwenye nyumba ya mtu ambaye dari yake ilikuwa imeanguka na hawezi kusubiri. Tusimhurumie kwa hilo. Mama yake ndiye aliyemtuma, jana yake, kwa neno moja: "Nenda."

Tangu juzi nyote mmekuwa mkiingia na kutoka sebuleni pale. Mmekaa, mmekunywa chai, mmelia, mmekumbuka. Nimewachunguza, na hakuna hata mmoja wenu aliyetazama juu. Hiyo ndiyo sifa. Dari iliyopinda kila mtu anaiona, iliyonyooka watu huishi chini yake.

Marehemu ameacha mume, fundi cherehani. Ameacha kijana wake, dereva, mkwe na wajukuu, ambao mmoja wao anapenda kulala chali. Ameacha mdogo wake mmoja, mwenye maneno mengi, ambaye leo yamemwishia. Na ameacha binti yake, fundi.

Dada, taa imepita kila pembe. Lala.